Nyayo za Sebulon

6 Februari

Tumefika kambini jana na leo nimeshagombana na mume wangu mara mbili, kwa hiyo msimu wa nara, matikiti yetu ya jangwani yenye miiba, umeanza. Naandika kwa sababu nikisema, Sebulon huvaa kofia yake na kutoka, na mimi hubaki namalizia maneno kwa punda. Punda wetu anaitwa Jenerali. Husikiliza vizuri, ingawa naye ni dume.

Kambi ni ile ile: bati, turubai, pipa la kupikia, mto mkavu mgongoni na matuta ya mchanga mbele. Jirani yetu wa karibu ni Lukretia, mjane wa binamu yake Sebulon, aliyepiga kambi kwenye kona ya mto. Vichaka vyetu viko ndani kabisa kati ya matuta. Baba yake Sebulon ndiye aliyevivuna, na babu yake kabla yake. Hatuna hati wala uzio. Kichaka ni chako maadamu unaonekana ukikivuna, na siku ukiacha kuonekana, wapo watakaokuja kukusaidia bila kuombwa.

9 Februari

Penehafo amerudi. Ni yule msichana wa kituo cha utafiti ambaye mwaka jana nilimsomea nyayo za buibui. Watu wa mto huu walicheka sana kwamba Hendrina amepata kazi ya kufuata wadudu, lakini mimi kazi hii naipenda.

Buibui wake ni wale weupe wa matutani, ukimweka mmoja kiganjani miguu inaning'inia nje. Kila mmoja ana shimo lake alilolitandika utando ndani na kulifunika kwa kifuniko cha mchanga. Usiku usio na mwezi dume hutoka kutafuta majike. Huzurura huku na huko, hugeuka, hurudi nyuma, huzunguka kama mtu aliyedondosha sindano. Akishamaliza hamu yake, hurudi nyumbani moja kwa moja, mstari ulionyooka mpaka mlangoni kwake. Alfajiri, kabla upepo haujaamka, mimi napita na fimbo yangu nikisoma alikopita, na Penehafo anachomeka vibendera nyuma yangu. Anataka kujua dume huyo anaionaje nyumba yake katika giza ambalo wewe na mimi hatuoni hata mkono wetu.

Mwaka huu atawapaka baadhi yao rangi nyeusi machoni, macho yote manane, aone kama watarudi. Nilimuuliza wamemkosea nini. Akasema rangi hubanduka, mama Hendrina, usiwe na wasiwasi.

11 Februari

Nara bado chache. Midomo imeanza kupasuka kwa kuonja.

18 Februari

Leo nimeona kitu kizuri. Dume mmoja alifika karibu na shimo la jike, na kabla ya kuukaribia mlango akasimama akapiga mchanga kwa miguu ya mbele. Alama zake zilikuwa wazi kabisa, vidoa vidogo vidogo pande mbili. Penehafo anasema ni hodi. Jike husikia mtikisiko kwa miguu yake na kujua kwamba ajaye ni mchumba, si kitoweo. Akikosea hodi analiwa.

Nilipomsimulia Sebulon alikuwa amekaa kando ya pipa akikoroga. Akasema miaka yote hii ameingia kwangu bila hodi na hajaliwa. Nikamwambia asubiri. Tulicheka, na kwa muda nilimpenda kama zamani.

25 Februari

Gunia la Sebulon leo nusu nzima ni mabichi. Nara mbichi inaunguza koo na haina faida yoyote kwenye pipa. Mtu aliyezaliwa chini ya kichaka cha nara analetaje mabichi? Nilimwuliza. Alisema zilimnukia vizuri. Nikamwambia nara huangaliwa kwanza, ndipo hunuswa, akavaa kofia.

4 Machi

Nimefanya jambo ambalo mke mwenye heshima hafanyi. Nimesoma nyayo za mume wangu.

Sikukusudia. Nilikuwa natoka kwa buibui wa Penehafo, nikakatiza njia ya Sebulon ya jana, na macho yangu siku hizi hayajui kuacha nyayo zilipo. Mvunaji naye ni kama dume la buibui: akienda huzunguka kichaka hadi kichaka, akirudi amechoka hunyoosha nyumbani, punda nyuma yake akivutwa kwa kamba. Ndivyo Sebulon alivyokuwa akirudi tangu nimemjua. Lakini jana hakunyoosha. Alishuka mpaka kona ya mto, kambini kwa Lukretia. Akasimama pale, na mchanga ulikuwa umekanyagwa-kanyagwa kama wa mtu asiyetaka kuondoka. Kisha ndipo akaja kwangu.

Na kitu kingine. Nyayo zake zilikuwa juu ya kwato za Jenerali. Punda alikuwa mbele, yeye nyuma, akijikokota kwa mawazo yake matamu. Mwanamume mwenye haja ya kufika kwake haachi punda atangulie.

Sijamwambia kitu.

6 Machi

Amerudi mikono imetobolewa na miiba mpaka kwenye viganja. Yeye ambaye alikuwa akichuma huku akipiga soga na kutazama pembeni. Nilimtoa miiba kwa pini, mmoja baada ya mwingine, wala sikumwonea huruma. Akasema miiba ya mwaka huu ni mirefu. Nikamwambia labda mawazo yake ndiyo marefu.

7 Machi

Kwa Lukretia tena.

8 Machi

Kwa Lukretia.

15 Machi

Ukungu wa bahari umefika mpaka hapa, turubai linadondosha maji. Tulitoka na Penehafo kumtafuta buibui wa kwanza aliyepakwa rangi. Alitoka shimoni vizuri. Alikwenda mbali kidogo, kisha nyayo zikaanza kujipinda. Zikajikata zenyewe, zikazunguka, zikapita karibu kabisa na mlango wake, karibu kiasi kwamba mimi nilitaka kumwambia, hapo, mjinga wewe, hapo. Akapita. Tulimkuta amejizika kidogo mchangani akingoja jua limkute. Penehafo alimbeba kwa mikono miwili akamrudisha shimoni, na nilimwona akifuta pua. Nilidhani wasomi hawafanyi hivyo.

21 Machi

Lukretia ametutembelea. Alileta mkate aliouoka kwenye majivu, bado wa moto. Mwanamke huyu ana mwendo wa polepole na sauti ya chini, na mimi nina sauti inayovuka mto, kila mtu ajue kwamba nimeshaona tofauti hiyo mwenyewe.

Nilimimina chai. Nikamnyooshea Sebulon kikombe, hakukipokea, akakaa tu anatazama mbele. Lukretia akakichukua mkononi mwangu. Akakiweka kwenye mkono wa Sebulon, kisha akavifunga vidole vyake juu ya kikombe, kimoja kimoja, mbele yangu, kwangu. Na Sebulon akasema asante, kwa sauti ambayo mimi sijaisikia tangu Frieda wetu azaliwe.

Nilikwenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Lukretia alipoondoka aliniangalia kama mtu anayetaka kusema kitu. Nikampa kisogo. Roho yangu inaniuma na sitaki kuandika zaidi.

29 Machi

Leo nimemwuliza. Nilikuwa nimeshapanga maneno tangu asubuhi, nikayasahau yote.

"Sebulon, unapita kwa Lukretia kufanya nini?"

Alikuwa akipapasa fimbo yake ya kuvunia, anaitafuta ncha kwa kidole gumba.

"Mimi sipiti, Hendrina. Jenerali ndiye anayepita."

Nilicheka. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka na hayakuwa ya kicheko. Nimewahi kusikia wanaume wakisingizia pombe, mwezi, mashetani na mama zao. Wa kumsingizia punda ndiye nimempata, na ni wangu. Nilimwambia usiku alale huko huko kwa punda wake, na alikwenda kulala kwa punda wake, bila kubisha.

10 Aprili

Nara zimekolea. Tunapika tangu alfajiri, mbegu zinakauka juu ya turubai, uji wa nara tumeumwaga mchangani ukauke uwe mkate. Hatusemezani ila kuhusu kuni.

17 Aprili

Buibui mwingine wa rangi hakurudi. Huyu tulichelewa. Nyayo zake zilizunguka, zikazunguka, zikakutana na nyayo za mjusi, na baada ya hapo kulikuwa na za mjusi peke yake. Penehafo alikaa chini mchangani. Akasema basi, hatapaka tena, jibu amelipata na halimfurahishi. Nilimuuliza ni jibu gani. Akasema ni kwamba anaona. Tumeshangaa miaka yote anarudije gizani, kumbe ana macho tu, anaona kidogo sana na kidogo hicho kinamtosha.

26 Aprili

Sebulon amejikwaa kwenye kamba ya turubai akaanguka kifudifudi. Nikamwambia mapenzi yanapofusha. Akaipapasa kofia yake mchangani, akaivaa.

4 Mei, asubuhi

Penehafo anafunga msimu wake. Gari lake haliwezi kufika kwenye vituo vya ndani, akaomba Jenerali wa kubebea masanduku. Ameniomba mimi, Sebulon akiwa amesimama kando na kamba mkononi, tayari kwenda kwenye vichaka vya mwisho.

Sebulon akasema, "Mpe kesho." Uso wake ulibadilika, niliuona.

Nami nikaichukua kamba mkononi mwake nikampa Penehafo. Nikamwambia Sebulon kwamba miguu iliyojifunza njia ya kwa Lukretia haiwezi kushindwa na njia ya baba yake. Nilisema kwa sauti ile inayovuka mto, na Penehafo akatazama chini.

Sebulon alisimama kidogo. Akanyoosha kofia, akachukua fimbo na gunia, akaenda. Alikwenda ameinua kichwa sana. Ninajisikia vizuri.

4 Mei, mchana

Upepo wa mashariki umeanza. Mapema kwa mwezi huu. Ni ule wa moto kutoka bara, unaobeba mchanga kwa chini kwanza, kwenye vifundo vya miguu, kisha magotini. Nimefunika mbegu kwa mawe. Migongo ya matuta inafuka. Atakuwa ameshaanza kurudi, anaujua upepo huu kuliko mimi.

4 Mei, jioni

Hajarudi.

Nilipanda tuta la kwanza kutafuta nyayo zake. Hakuna kitu. Mchanga umefutika kila mahali, hata nyayo zangu mwenyewe zilikuwa zikifutika nyuma yangu nikiziangalia. Nimeshuka na kukimbia mpaka kona ya mto. Nilikuwa nimeshaamua kwamba yuko huko, kwamba nitamkuta amekaa na kikombe chake, na Mungu anisamehe, nilikuwa namwomba awe huko. Nilikuwa tayari kumkuta kitandani kwake, bora tu awe huko.

Lukretia alikuwa peke yake anafunga mlango wake wa gunia dhidi ya mchanga. Nikamwuliza yuko wapi mume wangu. Akaniuliza punda yuko wapi. Nikasema nimemwazima Penehafo. Akashika kinywa.

Naandika alivyosema, nisije nikajidanganya baadaye. Alisema hivi: "Dada, Sebulon haoni. Tangu mwaka jana. Anashika mkia wa Jenerali, na Jenerali anapita kwangu kwa sababu ya maganda ya nara ninayomtupia. Siku ya kwanza Sebulon alisimama pale akaniita kwa jina lako. Alinililia nisikwambie. Alisema ukijua hutamruhusu kwenda, na asipokwenda, vichaka vya baba yake vimekwenda."

Mkia. Nyayo juu ya kwato. Mabichi, miiba, kikombe, kamba ya turubai. Vyote nilivisoma, sikukosea hata kimoja. Nilivisoma kama mke mwenye wivu, basi. Na mara ngapi alinipa jibu la kweli nikamcheka usoni.

Jua linazama. Nimerudi kambini na Lukretia. Penehafo amefika na Jenerali na anataka twende na taa. Nimekataa. Mtu asiyeona taa ya nini? Tutapotea sisi watatu badala ya yeye mmoja. Kituo wamepigiwa, watakuja kukicha. Upepo unapungua na unaelekea kule kule aliko. Nimemwaga uji wote uliokuwa pipani, chakula cha miezi. Nimelipindua pipa. Kama hawezi kuiona nyumba, basi nyumba ipige hodi.

6 Mei

Mkono wangu wa kulia hauwezi kushika kalamu vizuri, naandika polepole.

Nilipiga pipa kwa mwiko wa kukorogea tangu jua lizame. Kwanza nilipiga ovyo kwa hofu. Kisha nikaona hofu inanimaliza nguvu, nikaanza kumsema. Nilimsema yote, kwamba yeye ni jeuri, kwamba ni mpumbavu, kwamba mwanamume anaweza kufa kwa kuogopa kuambiwa na mkewe akae chini, na kila neno nililipigia pipa. Hivyo ndivyo nilivyopata mdundo. Lukretia alikuwa analia. Penehafo alinishikia maji kinywani niendelee.

Wakati fulani usiku ule mikono ilikataa. Lukretia akaupokea mwiko akapiga yeye, polepole, kwa mapigo yake ya taratibu kama mwendo wake. Nikalala kidogo hapo hapo mchangani. Nilipoamka ukungu ulikuwa umeingia, mweupe, huoni hata kona ya turubai, na kulikuwa kunakucha na hakuna mtu aliyekuja. Nilijua basi, amekwisha. Nilimnyang'anya Lukretia mwiko na nikapiga lile pipa kama nataka kulitoboa, kwa sababu kupiga ndiyo kazi pekee iliyokuwa imebaki duniani.

Ukungu ulikuwa umeanza kupata mwanga wa manjano nilipomwona. Alikuwa anakuja moja kwa moja. Mikono mbele, kofia hana, miguu inaburuza, lakini moja kwa moja, hakuyumba kushoto wala kulia, mpaka kiganja chake kikagusa ubavu wa pipa. Alilipapasa lile pipa lote. Ndipo akakaa chini.

Midomo yake ilikuwa imechanika kwa kunyonya nara mbichi, ndizo zilizomweka hai. Nilimwosha uso. Nilitaka kumwambia ninayajua yote, nikashindwa, mimi mwenye sauti. Akaanza yeye.

"Nilikusikia tangu jana."

"Mbona basi hukuja?"

"Nilikuwa nakuja. Halafu mwenye kupiga akabadilika." Alimeza mate kwa taabu. "Yule mwingine alipiga kwa upole. Nikasema huyu si Hendrina, hii ni kambi ya watu. Nikakaa chini. Sikutaka tena kwenda kwa watu."

Lukretia alikuwa amesimama nyuma yetu akiwa bado anasugua viganja vyake. Alicheka na kulia kwa pamoja.

"Na nisingeamka?" nikamwuliza.

"Ningekaa."

20 Mei

Frieda alikuja kutoka mjini akampeleka baba yake hospitali. Jicho moja limekwenda. Jingine linaona mwanga na kivuli, na nesi hakuahidi kwamba litabaki hivyo. Sebulon amelala siku mbili ameelekea ukutani. Leo ameuliza nani amevuna vichaka vya ndani. Nimemwambia hakuna bado, lakini kuna watu wameonekana wakivitazama kwa mbali.

24 Mei

Penehafo alikuja kuaga. Alileta chupa yenye buibui wa mwisho wa rangi, aliyemweka kituoni mpaka rangi ibanduke. Tulimrudisha pamoja kwenye shimo lake. Alisimama mlangoni muda, akanyoosha mguu mmoja akagusa mchanga, kisha akaingia na kufunga.

28 Mei

Leo tumevuna vichaka vya ndani. Nilitangulia mimi na kamba, Jenerali katikati, Sebulon nyuma ameshika mkia, na kila mtu wa mto alitoka kutuona tukipita. Kuna aliyecheka. Sebulon alimsalimia kwa jina, akimjua kwa kicheko chake tu, na yule akanyamaza.

Kwenye vichaka mimi naangalia na yeye ananusa. Tunabishana kila tunda. Yeye hupatia zaidi kuliko nilivyotaka kukiri.

Tuliporudi Jenerali alivuta kuelekea kona ya mto. Nilimwacha apite. Tulikunywa chai kwa Lukretia, nami ndiye niliyekiweka kikombe mkononi mwa Sebulon na kuvifunga vidole vyake, kimoja kimoja.